Mvua Katika Mstari wa Jana

Wanaopaswa kuwajibika kwa kosa ninalolieleza hapa ni wawili. Wa kwanza ni ofisi ya maji niliyoitumikia hadi siku ya kustaafu. Wa pili ni mimi, niliyetia sahihi barua ya kukifuta kituo kimoja cha kupimia mvua, kilicho juu ya maporomoko madogo mahali ambapo Kericho inapakana na Bomet. Barua hiyo ilisema kwamba usomaji wa kituo hicho haukuwa wa kuaminika. Ulikuwa wa kuaminika.

Natanguliza jambo hili ili msomaji, atakapofika kwenye habari za ukungu na maji yanayoanguka, asidhani kwamba nilisafiri kwenda kutembea tu. Ingawa, kwa ajili ya ukweli, nikiri kwamba siku nilipoondoka nyumbani hilo ndilo nililodhani ninafanya.

Kazi yangu ilikuwa kumbukumbu za mvua na mito. Wazazi wangu walitoka sehemu za kati wakaja kufungua duka mjini Kericho, nami nikazaliwa nyuma ya duka hilo, nikasoma, nikaajiriwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka pale. Kila mwisho wa mwezi kadi za mvua zilifika mezani kwangu kutoka vituoni: kwenye mashamba makubwa ya chai, kwenye shule, kwenye maboma ya watu binafsi waliokubali kuwekewa kifaa cha serikali. Nilizinakili, nikazijumlisha, nikazilinganisha. Niliyajua maporomoko kwa nambari za faili. Ningeweza kukuambia bila kufungua kabati ni mto upi uliofurika mwezi upi, lakini sikuwahi kulowesha kiatu kimoja kando ya mto wowote kati ya hiyo. Safari za nje zilikuwa za mainjinia. Karani alibaki na mashine ya kupiga chapa, na baadaye akabaki na kompyuta.

Baada ya kustaafu nilianza kusumbuliwa na jambo dogo. Mvua ya alasiri ilipoanza kupiga bati, kama inavyopiga kwetu karibu kila siku, nilikuwa najiuliza: yale maporomoko yanafananaje? Yana sauti gani? Maji yake ni ya rangi gani? Nilikuwa nimeandika habari zake kwa utumishi mzima na sikuwa na jibu hata moja. Basi nikatoa faili langu la nyumbani, ambalo lina nakala ya kila barua niliyowahi kutia sahihi, na ambalo mke wangu husema limekaa mahali pa sahani. Nikaandika orodha ya mahali pa kuona. Kisha nikampigia simu dereva wetu wa zamani, Mkipsigis wa Bureti, ambaye naye amestaafu na sasa ana gari lake.

"Unataka kuona maporomoko?" akauliza. "Si uliyaona kwa faili?"

"Niliyasoma. Sikuyaona."

"Haya, Afisa. Lakini gari ni yangu sasa. Hakuna kujaza fomu."

Nilijaza hata hivyo, kwa mkono, kwenye karatasi tupu: saa ya kuondoka, njia, kusudi la safari. Mbele ya kusudi nilikaa nikafikiri kwa muda, kisha nikaandika neno moja: kujua.

Tuliondoka Ijumaa saa moja asubuhi. Barabara ilikuwa imelowa tangu jana yake, na chai ilikuwa imejaa pande zote mbili, imekatwa sawasawa kama meza iliyotandikwa, ikishuka mabondeni na kupanda tena upande wa pili bila kukatika isipokuwa pale ilipoachia nafasi mikalitusi ya kuni za kiwanda. Mahali pa kwanza kwenye orodha yangu palikuwa bwawa lililo katikati ya chai, ambalo faili lililiita hifadhi ya maji. Faili halikusema kwamba ukungu hutembea juu ya maji hayo kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Halikutaja bata. Nilimwuliza dereva kwa nini maji ya kandoni yalikuwa na mikunjo na ya katikati yametulia.

"Katikati kuna kina," akasema. "Injinia mmoja alianguka hapo na buti zake zote."

"Jambo hilo halimo kwenye ripoti."

"Nani angeandika? Mwenye kuandika ndiye alikuwa ndani ya maji."

Nililiandika mimi, pambizoni mwa orodha, pasipo kutaja jina.

Kutoka hapo tulipinda kuelekea Roret, na nje kidogo ya mji tukaacha gari kwenda kutazama maporomoko ambayo kumbukumbu yangu mwenyewe iliyaeleza hivi: madogo, yanafikika kwa urahisi. Naomba kusahihisha. Yanafikika kwa makalio. Nilishuka mteremko ule wa udongo mwekundu nikiwa nimekaa, mwavuli mkononi, huku dereva akicheka hadi akashika mti. Lakini nilipofika chini nilisahau suruali. Sauti ndiyo iliyonishangaza zaidi. Nilikuwa nimedhani maporomoko hutoa sauti moja, kumbe yana mbili: ile nzito ya maji yanayopiga jiwe, na nyingine nyepesi ya maji yanayopiga maji, na ukisimama ukageuza kichwa polepole unaweza kuzitenganisha. Rangi yake ilikuwa ya chai isiyotiwa maziwa. Nilisimama pale kwa robo saa nzima. Nilijisikia kama mtu aliyeandikiana barua na mwingine kwa miaka, halafu akakutana naye sokoni na kukuta ana kicheko.

Karibu na Kapkatet tulisimama tena, mara hii kwa sababu dereva alitaka mahindi ya kuchoma. Juu ya barabara wanawake watatu walikuwa wakichuma chai kwenye shamba la mmoja wao, vikapu mgongoni, aproni za plastiki kiunoni. Niliwasalimu na kumwuliza aliyekuwa karibu mvua ingefika saa ngapi.

"Leo itachelewa. Saa tisa."

"Umejuaje?"

"Juzi ilikuja saa nane. Jana saa nane na nusu. Leo ni saa tisa."

"Na kesho?"

"Kesho saa tisa na nusu."

"Na Jumapili?"

"Jumapili utauliza mchungaji," akasema, na wenzake wakaangua kicheko. Kisha, akiona nimetoa kalamu, akaniambia kwa upole zaidi kwamba wao huisikia kabla haijafika, kwa maana mvua ikitembea juu ya chai hupiga majani kwa sauti ya mafuta kwenye kikaango, na mchumaji mwenye akili hufunika kikapu wakati huo, si wakati inapomgusa. Hili pia halikuwa katika kumbukumbu zozote. Nililiandika.

Mahali pa mwisho kwenye orodha palikuwa yale maporomoko ya mpakani. Mto wenyewe ni mdogo. Unatoka kwenye chai, unapita katikati ya mawe mawili meusi yaliyosimama kama miimo ya mlango, kisha unajiachia kwa kimo cha nyumba mbili na kutulia kwenye dimbwi pana. Chini ya dimbwi, mto unapopungua upana, palikuwa na mabaki ya daraja la mbao la watu wa miguu: nguzo moja imebaki upande huu, mbili upande ule, na katikati maji matupu. Kando ya nguzo hizo wafanyakazi walikuwa wamepigilia vigingi na kufunga kamba, wakasimamisha pia mbao za kumwagia zege.

Hatukuweza kupita, kwa sababu palikuwa na ugomvi njiani. Msimamizi wa kazi, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya plastiki, alikuwa amezuiwa na mama mmoja mzee aliyevaa gamubuti na kitambaa cha kichwa, mwavuli mkono mmoja na mkono wa pili daftari ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama, rudi nyumbani. Hii kazi imepimwa."

"Imepimwa na nani? Wewe ulikuwa wapi maji ikipita hapa?" Alielekeza ncha ya mwavuli kwenye shina la mti ulioinama juu ya mto. Palikuwa na alama ya panga iliyokatwa kwa upana wa kiganja, na ilikuwa juu ya vigingi kwa kimo cha mtu. "Hiyo alama nilikata mimi, asubuhi ile daraja ilienda. Maji ilikuwa hapo. Na mvua yenyewe iko hapa, siku kwa siku."

"Hiyo ni daftari ya nyumbani."

"Kwani mvua inanyesha ofisini?"

Wafanyakazi walicheka. Msimamizi hakucheka, lakini hakukasirika pia. Alikuwa na sura ya mtu ambaye amefanya mazungumzo haya zaidi ya mara moja. "Mama, si mimi nimekukataa. Ni ofisi ilikukataa. Hii barua wamenipea pamoja na michoro." Akatoa karatasi kutoka kwenye jalada na kusoma kwa sauti: "'Usomaji wa kituo tajwa haulingani na ule wa kituo jirani, na hivyo si wa kuaminika. Inapendekezwa kituo tajwa kifutwe.' Na sahihi iko hapa chini."

Dereva alitazama viatu vyangu. Hakuwa na haja ya kutazama mahali pengine. Neno hilo, tajwa, nililipenda sana kazini, na hakuna mwingine katika ofisi yetu aliyeweza kulitia mara mbili katika mistari miwili.

Kwa ajili ya kumbukumbu: sikusema kwamba sahihi hiyo ni yangu. Nilisimama pale, nimeshika mwavuli, afisa mzima. Nilichofanya ni kuuliza maswali kama mpita njia. Msimamizi alinieleza kwamba daraja la zamani lilichukuliwa na mafuriko, kwamba sasa watu huvuka kwa kuruka mawe, kwamba ng'ambo ndiko kuliko kituo cha kupimia majani chai, shule na kanisa. Kimo cha daraja jipya kilikadiriwa kutokana na mvua ya shamba kubwa lililo juu uwandani, kwa kuwa hakukuwa na kituo kingine karibu kinachokubalika. Zege lingemwagwa Jumatatu.

Wakati huo nikasikia ile sauti ya kikaango. Ilitoka upande wa magharibi, ikapita juu ya chai, na kabla sijafungua mwavuli ikatufikia. Nilitazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

"Nyinyi wazee," yule mama akatuita, kana kwamba hakuwa na ugomvi wowote duniani, "mtasimama kwa mvua kama ng'ombe? Kujeni chai."

Boma lake lilikuwa juu kidogo ya maporomoko, na katikati ya uwanja wenye nyasi zilizokatwa fupi, ndani ya uzio mdogo wa waya, ulisimama mtungi wa shaba uliozikwa nusu ardhini. Nilikitambua kifaa hicho kwa mchoro. Sikuwahi kukiona kimoja kikiwa kazini, mvua ikiingia ndani yake. Nilitaka kusimama nitazame, lakini dereva alinisukuma ndani.

Mama aliomba kabla ya kumimina chai. Aliomba kwa kirefu: kwa ajili ya wasafiri, kwa ajili ya wajukuu wanaovuka mto, kwa ajili ya fundi wa daraja ili Mungu amfungue masikio, na mwishowe kwa ajili ya wote walioketi katika ofisi. Dereva alisema amina kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Alipofumbua macho aliyakaza kwa dereva. "Wewe! Wewe ulileta mtungi hapa. Wewe ndiye ulimaliza maziwa yote ya mursik kwa kibuyu, mzee wangu akakosa."

"Nilikuwa nimechimba shimo siku mzima, mama," dereva akajitetea.

"Na huyu mwenzako?"

Dereva alinitazama. "Huyu ni mtu wa mjini. Anapenda kusoma vitu."

Mama alitueleza bila kuulizwa. Msomaji wa kwanza wa kipimo alikuwa mume wake, mwalimu mstaafu. Alipofariki, yeye aliendelea, kwa sababu alikuwa amemfundisha yote. Kadi zake zilienda kila mwezi mpaka siku barua ilipokuja. Baada ya barua, kadi zilikoma kuletwa. Akanunua madaftari ya shule, akayapigia mistari kwa rula ya marehemu.

"Lakini kituo kilikuwa kimefutwa," nikasema. "Kwa nini uliendelea?"

Aliniangalia kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. "Chupa ya mtungi ilikuwa inajaa. Ningeiacha imwagike?"

Nikamwomba nione. Alileta madaftari hayo kwa kikapu cha chai, yamefungwa karatasi za kaki kama ya watoto wa shule. Mimi nikafungua faili langu, nililolibeba safarini, na kutoa jedwali lililoambatana na barua: miezi mitatu, safu mbili, kituo chake upande wa kushoto na shamba kubwa upande wa kulia. Kama nilivyofanya mezani kwangu zamani, niliweka rula na kushuka mstari kwa mstari.

Kila mvua kubwa ya shamba ilikuwepo kwake pia, tena kwa kipimo kikubwa zaidi, ila kwake ilitangulia siku moja. Jumanne kwa mama, Jumatano kwa shamba. Alhamisi kwa mama, Ijumaa kwa shamba. Nakumbuka nilivyolicheka jambo hilo ofisini. Nilimwita karani mwenzangu nikamwambia kwamba tumepata nabii mke. Mtu ambaye mvua yake hunyesha kabla ya mvua ya jirani anatunga, ndivyo nilivyosema. Karatasi ya shamba ilikuwa imepigwa chapa na kugongwa muhuri. Kadi ya mama ilikuwa imeandikwa kwa penseli na ina doa la maziwa. Sikuhitaji kufikiri zaidi, na sikufikiri.

Sasa, mezani kwake, rula ikafika kwenye siku ya mvua ya mawe. Kwake ilikuwa Jumamosi, na pembeni, kama nilivyonakili kutoka kwenye kadi, ameandika: barafu kubwa, imekata chai. Kwa shamba, Jumapili, na maneno ya namna hiyo hiyo. Nikanyanyua kichwa. Jumamosi hiyo nilikuwa namwoza binti yangu mjini Kericho. Mvua ya mawe ilishuka wakati wa kukata keki, ikachana hema, na wazee wa upande wa bwana arusi wakakimbilia chini ya meza pamoja na mimi. Ilikuwa dhoruba moja, iliyopita juu ya milima yote hii kwa alasiri moja. Hakuna mtu anayeweza kunieleza kwamba ilikuwa Jumapili.

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo nilijitahidi iwe ya kawaida, alikuwa anaandikaje siku.

"Rahisi," akasema, akiinama juu ya daftari kama mwalimu. "Unapima saa tatu asubuhi. Hiyo maji iko kwa chupa si ya leo. Ni ya jana, tangu jana saa tatu. Huku kwetu mvua ni ya jioni. Sasa naandika kwa mstari wa jana. Mzee alisema ni sheria."

Ni sheria. Niliijua vizuri. Karatasi ya maelekezo iliyotumwa vituo vyote niliipiga chapa mimi. Mama aliifuata. Karani wa shamba, ambaye alikuwa na ofisi, muhuri na mashine, aliandika kila kipimo kwenye siku aliyokisoma. Mvua ya mama haikutangulia hata siku moja. Ya shamba ndiyo iliyochelewa. Na mimi, niliyekuwa mlinzi wa sheria hiyo, nilimfuta aliyeishika na kumwamini aliyeivunja, kwa sababu ya doa la maziwa.

"Mama," nikasema, "ile barua niliiandika mimi."

Dereva aliweka kikombe chini. Mama alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye matope ya suruali.

"Wewe?"

"Mimi."

"Miaka hii yote," akasema, "nilifikiri ni mtu mrefu."

Nilianza kuomba msamaha kwa utaratibu, nikieleza mazingira ya kazi ya wakati huo, na nilikuwa nimefika sentensi ya tatu aliponikata. "Mimi sitaki pole, mzee. Pole itavusha nani? Wajukuu wangu wanapita pale Jumatatu mpaka Ijumaa. Mimi napita na kikapu. Nataka daraja ipande mpaka kwa alama. Unaweza kuandika ingine?"

"Naweza."

"Basi andika. Lakini si kama ile. Andika watu wasikie."

Tulilala Kapkatet, na asubuhi nilimwomba dereva turudi. Nilitaka kuona kipimo kikisomwa. Tulifika saa tatu kasoro robo. Mama alikuwa tayari uwanjani, amevaa saa ya mkononi ya mume wake, akisubiri dakika zitimie kwa uangalifu ambao ofisi yetu haikuwahi kuwa nao. Ilipotimu saa tatu kamili aliondoa faneli ya shaba inayokinga mvua, akatoa chupa, akanikabidhi pamoja na glasi ya kupimia.

"Leo ni wewe."

Nikamimina. Maji ya mvua ndani ya glasi ni safi sana. Sikulijua hilo. Nilikuwa nimejumlisha mvua ya eneo zima kwa miaka na sikuwahi kuishika mkononi.

"Inama," akaniamuru. "Zaidi. Jicho iwe sawa na maji. Ukiangalia ukiwa juu unadanganywa."

Nikapiga goti kwenye nyasi zilizolowa, nikasoma, nikamwambia. Akakubali kwa kichwa na kunipa daftari na kalamu. Nikaandika nambari.

"Wapi hapo?" akasema.

Nikatazama. Nilikuwa nimeandika kwenye mstari wa Jumamosi, siku tuliyokuwa nayo. Mkono wangu ulikwenda pale wenyewe, kama ulivyokwenda mkono wa karani yule wa shamba, kwa sababu ndiyo siku mtu aliyomo na inaonekana ndiyo kweli. Dereva, aliyekuwa ameegemea uzio, alicheka mpaka akakohoa.

"Mwandikie barua," akamwambia mama. "Mfute. Si wa kuaminika."

Nilikata kosa kwa mstari mmoja ulionyooka, bila kulifuta, nikatia herufi za jina langu pembeni kama kanuni inavyotaka, na kuandika nambari ile ile mahali pake, katika mstari wa jana. Mama alikagua, akaridhika.

Kisha tulishuka sote watatu hadi mtoni. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwonyesha jedwali, nikamwonyesha daftari, nikamweleza habari za harusi na hema. Nilipomwambia kwamba sahihi iliyo kwenye barua yake ni yangu, aliitoa, akaitazama, akanitazama.

"Mzee, mimi nakuamini," akasema. "Hata hiyo alama ya mti niliiamini kutoka siku ya kwanza. Lakini mimi ni mtu wa michoro. Siwezi kupandisha daraja kwa mdomo. Nipee barua kutoka kwa ofisi."

"Na zege la Jumatatu?"

Alitazama mawingu. "Kazi inaweza kusimama kwa sababu ya mvua. Hiyo naweza kuandika kwa kitabu cha kazi. Lakini wataniuliza mvua ilikuwa ngapi."

"Nitakupa," mama akasema. "Kila asubuhi. Ukitaka nitaweka na alama ya kidole."

Hivyo ndivyo mambo yalivyo ninapoandika. Vigingi vingali chini ya alama ya panga, kwa kimo cha mtu. Msimamizi anaahirisha kazi siku baada ya siku kwa kipimo cha kituo ambacho kirasmi hakipo, na wajukuu wanaruka mawe. Mvua inapungua. Yule mchumaji wa Kapkatet bila shaka anajua itakoma lini, na ikikoma hakutakuwa na sababu ya kuandika katika kitabu cha kazi. Niliiandikia ofisi juma lile lile, nikapeleka barua kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Sikujibiwa. Nilipokwenda kuuliza, karani aliye mezani pangu pa zamani aliniambia kwa adabu kwamba kituo tajwa hakimo kwenye orodha, na hivyo barua yangu haina faili la kuiweka.

Kwa hiyo naliweka jambo hili mbele ya wasomaji wote, na kwa maandishi haya nadai kwamba ofisi hiyo iibatilishe barua yangu na kukirudisha kituo kwenye orodha pamoja na kila kipimo kilichosomwa tangu kifutwe. Kwamba impelekee msimamizi, kabla zege halijamwagwa, agizo la kukadiria upya kimo cha daraja kwa kufuata madaftari ya mama na alama yake mtini. Na kwamba ieleze kwa sahihi ya afisa anayetajwa jina ni nani aliyeitoa barua ya zamani kabatini na kuitia katika michoro bila kuuliza kama ilikuwa ya kweli. Mimi, kwa upande wangu, nadai niitwe mbele ya kikao chochote kitakachoketi, nihojiwe kama mtu aliyetia sahihi, na majibu yangu yaandikwe. Nitakuja na jedwali, pamoja na mama na madaftari yake. Tarehe ya kikao ikishapangwa, naomba kiwe baada ya saa tatu asubuhi, ili mama apate kusoma kipimo kwanza.